Haki ya Kusahihisha Kazi ya Marehemu

Mtu akifa kinywa chake hufungwa, lakini kazi yake huendelea kusema. Yaweza kusifiwa, naye asishukuru. Yaweza kubadilishwa, naye asikatae. Kwa hiyo lastahili kupimwa swali hili: je, rafiki aliye hai ana haki ya kusahihisha kazi ya rafiki aliyekufa? Mfano ulio wazi wapatikana katika habari za mtunzi wa muziki wa Urusi, Modest Mussorgsky.

Mussorgsky alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la Pskov, katika ukoo wa mabwana wenye mashamba. Alikuwa afisa wa jeshi, akajiuzulu mwaka 1858 ili autumikie muziki. Lakini muziki haukumlisha, akashika ukarani serikalini. Hakupata elimu ya chuo cha muziki. Alitaka uimbaji ufuate usemaji wa watu: kigugumizi cha mwenye hofu, ukali wa mwenye hasira na kilio cha maskini. Opera yake kubwa, Boris Godunov, yaeleza habari za mfalme ateswaye na dhamiri kwa ajili ya damu ya mtoto. Mwaka 1871 wakuu wa majumba ya michezo ya kifalme waliikataa, sababu moja ikiwa kwamba haikuwa na nafasi kubwa ya mwimbaji wa kike. Mussorgsky hakukata tamaa. Aliipanga upya, akaongeza sehemu mpya, na mwaka 1874 ikachezwa St Petersburg.

Alipokuwa akiipanga upya, alikaa chumba kimoja na mtunzi mwenzake, Nikolai Rimsky-Korsakov. Walikuwa na piano moja: asubuhi ilikuwa ya Mussorgsky, na alipokwenda kazini ikawa ya mwenzake. Baadaye njia zao zilitengana. Rimsky-Korsakov, aliyekuwa profesa, akazidi kushika sana kanuni za sanaa. Mussorgsky akazama katika ulevi, akafa hospitalini Machi 1881, umri wake miaka 42.

Rimsky-Korsakov aliichukua miswada ya marehemu kama amana. Opera ya Khovanshchina, iliyoachwa pungufu, aliikamilisha, ikachezwa mwaka 1886. Kisha akaigeukia Boris Godunov. Mwaka 1896 alitoa nakala ambayo ndani yake alikuwa amelainisha mapatano ya sauti yaliyomkera, na kuivika okestra mavazi ya fahari. Kwa nakala aliyoitengeneza yeye, opera hiyo ilisifiwa sana Paris mwaka 1908, Feodor Chaliapin akiimba nafasi ya mfalme.

Watetezi wake husema kwamba pasipo yeye jina la Mussorgsky lingefifia. Hoja hii ina uzito, maana kazi isiyosikiwa haina tofauti kubwa na kazi isiyotungwa. Walakini matendo yake mawili hayafanani, wala hayastahili hukumu moja. Kukamilisha kilichopungua ni kumsaidia msafiri aliyeanguka njiani: mzigo wachukuliwa kuelekea kule alikokuwa akienda. Boris Godunov haikuwa imeanguka njiani. Mwenyewe aliimaliza, akaitoa ikachezwa mbele ya watu. Kuisahihisha kulikuwa kumgeuzia njia msafiri aliyekwisha kufika.

Yaweza kujibiwa kwamba hata Mussorgsky mwenyewe aliibadili alipokataliwa. Ni kweli, lakini mwenye nyumba akivunja ukuta wake, hampi jirani ruhusa ya kuuvunja atakapokuwa amekufa. Tena, mwaka 1928 Pavel Lamm alipochapisha opera hiyo kwa kufuata miswada ya mtunzi, wengi walitambua kwamba ukwaruzo uliohesabiwa kuwa ujinga ulikuwa ndio usemi wenyewe. Profesa alisikia kosa pale mwenzake aliposikia mtu akilia. Kilio kilichonyoshwa kikawa kizuri, kikapungua kuwa kilio.

Hata hivyo Rimsky-Korsakov asihukumiwe pamoja na waharibifu. Hakuichoma miswada wala hakuificha, wala hakuyaita mabadiliko yake kuwa maneno ya marehemu. Aliacha mlango wazi, na kwa mlango huo wengine waliingia wakamsikia Mussorgsky mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba upendo na elimu vyatosha kumpa mtu sauti ya mwingine.

Kizuri hakikosi ila, na mara nyingi ila ya mtu na uzuri wake hutoka katika shina moja; akataye moja hujeruhi jingine. Kila mhariri aliyepokea mswada wa marehemu, uwe wa muziki au wa mashairi, yampasa kuzikumbuka haki mbili: haki ya watu kuifikia kazi, na haki ya marehemu kusikiwa kama alivyosema. Akilazimika kuipunguza haki ya pili ili kuitimiza ya kwanza, na aandike wazi jina lake juu ya alichokibadili, kisha aiache kazi ya asili mahali ambapo mwingine ataikuta. Mwenye amana akiwa hawezi tena kuidai, uaminifu wa aliyeishika ndio ulinzi wake peke yake.