Kura Moja ya Chake Chake

Kaa kitako, mjukuu wangu. Nimesikia umeapa huendi mazikoni kwa jirani, eti wanawe wamekipa kura chama usichokitaka. Sikugombezi. Pumzi za kugombeza zimeniishia.

Jimbo letu hili lina kisa chake. Januari 1961, zama za siasa, nami mtoto wa chuo, Zanzibar nzima ilikuwa na majimbo 22. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, chama cha Hizbu 9, na cha ZPPP 3. Katika yale 10 ya Afro limo Chake Chake, nalo walilipata kwa kura moja. Moja, babu! Watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu, mmoja Afro, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika.

Basi ikawa kuulizana: nani aliyeipiga kura ile? Kura ni siri, lakini kila mtaa ulikuwa na mtuhumiwa wake. Huyu kakohoa mbele ya boksi, yule kaonekana kwa fulani usiku. Watu waliokula sinia moja wakaanza kutazamana machoni. Waliokuwa wazima siku hiyo wakazeeka na tuhuma zao.

Likaongezwa jimbo la 23, Mtambile, hapa hapa Pemba, ili safari hii wasitoke sare. Uchaguzi ukarudiwa Juni. Unguja pakazuka fujo, wakafa watu 68. Mwaka 1963 Afro wakapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu katika 31, serikali ikashikwa na Hizbu na ZPPP. Uhuru Disemba, mapinduzi Januari. Uchaguzi wa vyama vingi hatukuuona tena mpaka 1995.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Mwaka ule CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na urais wa Zanzibar ukaamuliwa kwa tofauti ya kura 1,565. Tukasusiana. Duka la CCM, duka la CUF. Msikitini mtu anatazama kwanza nani yumo safu ya mbele. Huyu jirani unayemkataa leo, mimi ndiye niliyemsusa. Alimwoza binti yake, biriani nikainusia ukutani kwangu, sikwenda.

Msimu wa karafuu ulipofika nilianika majamvi manne nje, nikenda mjini. Mvua ikashuka ghafla. Niliporudi mbio, nguo zimenigandia mwilini, nikamkuta anakunja jamvi la mwisho, kanzu yake kaifunga kiunoni. Matatu keshayaingiza ukumbini kwangu. Hakusema neno, wala hakungoja nimshukuru. Kajipangusa uso, kenda zake. Karafuu hazikuharibika hata pishi moja.

Sikumwomba radhi siku ile. Kila nikipanga kwenda nilijiambia kesho, na kesho hizo zimekuwa miaka. Tulirudi kusalimiana, tukacheza bao, lakini neno lenyewe halikunitoka.

Wewe una chama chako, kishike, sikukatazi. Mimi pia ninacho. Ila adhana ya alasiri imekaribia, na jeneza litatoka baada ya sala. Nitolee kanzu ile nyeupe sandukuni, uvae na yako. Magoti yangu hayafiki makaburini peke yake.