DENI HALIFUKIWI KABURINI



Huko Pemba, kabla jeneza halijainuliwa, hutangazwa mbele ya watu: anayemdai marehemu na awaendee warithi wake. Ni desturi njema ya ndugu zetu Waislamu, nasi Wakristu yatufaa. Lakini yuko mtu mmoja ambaye mara nyingi husahauliwa siku ile, naye ni mdhamini.

Tuseme mwenye mikarafuu amekopa fedha za kuwalipa wachumaji, na jirani yake akamdhamini. Karafuu zingali juani, hazijafikishwa kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, mkopaji aanguka mtini na kufa. Mkopeshaji abisha hodi kwa jirani. Huyu ajibu: “Niliyemdhamini amekufa, ahadi yangu imekufa naye.”

Sivyo. Sheria ya mikataba ya Zanzibar, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, yamfunga mdhamini kwa kadiri ile ile ya mdaiwa, isipokuwa wamepatana vingine. Kifo cha mdaiwa hakimfungui. Kwani alitakiwa kwa ajili gani, kama si kwa siku ambayo mwenziwe hataweza kulipa?

Dhamiri nayo yasema hivyo. Mtume Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba deni lote ahesabiwe yeye. Hakuweka sharti kwamba Onesimo awe hai.

Lakini warithi, msijifiche nyuma ya mdhamini. Deni hutolewa kwanza katika mali ya marehemu, ndipo urithi ugawanywe. Mdhamini akiisha kulipa, anayo haki ya kurudishiwa kutoka mali hiyo. Kugawana fedha za karafuu upesi upesi, huku jirani akiuza ng’ombe wake kumlipia baba yenu, ni wizi, hata asipokuja askari kuwakamata. Yoshua bin Sira alikwisha kutuonya tusisahau fadhili za mdhamini wetu.

Nawe mkopeshaji, haki yako ni haki. Walakini ngoja matanga yaishe, na umpe mdhamini nafasi ya kulipa kidogo kidogo.

Waraka kwa Waebrania wamwita Yesu Kristu mdhamini wetu. Alilipa lisilo deni lake, nasi twaishi kwa malipo hayo. Basi, kabla hamjagawana, ulizaneni: ni nani aliyemdhamini baba?