Hodi Haiishii Mlangoni

Baadhi ya ndugu zetu wametuuliza: haya mafunzo ya ridhaa yanayotolewa siku hizi, ya kwamba mtoto afunzwe kuwa mwili wake haushikwi ovyo, na kijana afunzwe kutotwaa kwa nguvu asichopewa, je, yana asili katika dini yetu au ni mambo ya kigeni? Twajibu ya kuwa asili yake i kwetu, nasi ndio tulioiacha.

Hakuna mtoto wa mji huu asiyefunzwa kupiga hodi. Na katika Sura ya Annur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha hata watoto wasiobaleghe watake idhini nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Tazameni basi: mtoto yu nyumbani kwao, aingia kwa mama yake na baba yake, na bado hana budi kutaka idhini. Ikiwa chumba kina hishima hiyo, mwili wa binadamu je? Lakini sisi hodi tumeifanya adabu ya mlango tu.

Khansa binti Khidam aliozwa na baba yake hali ya kuwa hataki, akenda kushitaki kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjwa. Na Barira alipopata uhuru wake alimwacha mumewe Mughith, naye akawa amfuata njiani akilia. Mtume alimwombea arejee. Barira akauliza kama ile ni amri. Alipojibiwa kuwa ni maombezi tu, akakataa, wala hakulaumiwa. Basi ni nani katika sisi ambaye ombi lake ni kubwa kuliko la Mtume?

Twajua atatokea mtu atuambie kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi baba aweza kumwoza binti yake bikira bila ya kumtaka shauri. Yameandikwa, ni kweli. Lakini msemaji huyo husoma mstari mmoja akaruka wa pili: wanavyuoni hao hao wameshurutisha pasiwe na uadui baina ya baba na binti, na mume awe kufu yake, aweze mahari, na kumtaka shauri wakasema ni sunna. Ama kunyamaza kwa bikira, kumehisabiwa idhini kwa sababu ya haya. Anyamazaye kwa khofu hakutoa idhini.

Sasa tuje kwenye uovu tuufichao. Mtoto huharibiwa, na mara nyingi na mtu wa karibu. Wazee wakakutana, ikanywewa kahawa, zikatolewa fedha, au binti akaozwa mtu yule yule aliyemdhulumu. Hili huitwa sitara. Ni nani aliyesitiriwa hapo ila mkosa? Wail bin Hujr amepokea khabari ya mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu alipokuwa akenda kusali. Mtume alimwambia aende zake, Mwenyezi Mungu amekwisha kumsamehe. Hatukuona katika riwaya kuwa aliulizwa alivaa nini, wala kwa nini katoka peke yake.

Tena wazee hawana mamlaka hayo. Kwa Katiba ya 2010, kadhi huhukumu ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Kunajisi ni jinai, kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na pahala pake ni polisi na mahakamani. Aliyedhulumiwa apelekwe hospitali mara moja, asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe bali zitiwe katika mfuko wa karatasi. Zisipite saa 72, kwani dawa ya kukinga virusi vya ukimwi baada ya hapo haitolewi.

Wala sisi walimu wa vyuo hatujitoi katika maneno haya, maana mtoto ameamrishwa atutii, na utiifu huo umetumiwa vibaya. Katika duru yetu tumekubaliana kuwa mlango wa chuo uwe wazi muda wote wa darasa, na asibakizwe mwanafunzi peke yake na mwalimu. Mzazi atakayekuta kinyume cha haya na atwambie; na akiona tumenyamaza, aende polisi bila ya kutungoja.

Wabillahi tawfiq.