Mgonjwa na Uji Wake

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake yaeleweka kwa kila aliyewahi kuuguza. Aliyelala na homa hana hamu wala nguvu ya kuchagua. Ampendaye huukoroga uji, huupoza, akamnywesha. Kumwuliza ni kumtwisha mzigo asiouweza, na pengine ni dalili kwamba muulizaji hataki kupika. Msemo huu umejaa huruma, na katika nyumba nyingi za pwani umeokoa maisha.

Hata hivyo, umesimama juu ya nguzo mbili zisizotajwa. Ya kwanza ni kwamba mpishi anajua kuwa uji utamfaa mgonjwa. Ya pili ni kwamba uji umepikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo na si mwingine. Utafiti wa tiba huziondoa nguzo zote mbili. Mtafiti hutafiti kwa sababu hajui, angelijua, asingelitafiti. Na anachokitafuta ni elimu itakayowafaa wagonjwa wa kesho, ambao huenda huyu aliye mbele yake asiwe miongoni mwao. Hapo ndipo mgonjwa hana budi kuulizwa.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi mjini Nuremberg ilitoa kanuni 10 za majaribio juu ya binadamu, na ya kwanza ilihusu ridhaa ya hiari ya mwenye kujaribiwa. Mwaka uleule, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, utafiti ulioanzishwa na Idara ya Afya ya Umma mwaka 1932 ulikuwa ukiendelea bila ya ridhaa hiyo. Wanaume Weusi wapatao 600 wa wilaya ya Macon, karibu na Tuskegee, walikuwa wakifuatiliwa. 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa jina la ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya", neno la kienyeji lililoweza kubeba maradhi yoyote, kuanzia uchovu hadi upungufu wa damu. Walipochomwa sindano ya uti wa mgongo ili watolewe majimaji ya kupimwa, waliambiwa hayo ni matibabu maalumu. Walipewa chakula siku ya vipimo na ahadi ya gharama za maziko. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa. Utafiti ulikoma mwaka 1972 baada ya magazeti kuufichua, na mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Kwa mpenzi wa lugha kisa hiki kina funzo la pekee. Watu wale hawakufungwa kamba. Walifungwa kwa maneno. Walisema ndiyo kwa miaka 40, lakini waliikubali tiba, nayo haikuwapo.

Si kila kisa ni cha hadaa. Kisiwani Pemba, kati ya mwaka 2002 na 2003, ulifanyika utafiti mkubwa wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Wengine walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa zinki, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Chuma kilihesabiwa kuwa jambo la heri. Ushauri wa kimataifa wa zama hizo ulielekeza watoto wa nchi kama hizi wapewe. Kama palikuwa na uji usiohitaji kuulizwa, ni huo. Lakini tarehe 19 Agosti 2003, kwa ushauri wa jopo la kusimamia usalama, makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa. Hesabu za watoto 24,076 zilionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufa au kuhitaji tiba ya hospitali, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kitupu. Ilionekana pia kwamba watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi.

Kisa cha Pemba kinafundisha lile ambalo cha Tuskegee hakiwezi kulifundisha: kwamba ridhaa haikuwekwa kwa ajili ya kuwazuia waongo peke yao. Hata mwema aweza kudhuru, kwa kuwa hajui. Mzazi aliyeambiwa "hii ni dawa nzuri" na mzazi aliyeambiwa "hatujui, ndiyo maana tunapima" wakifikwa na msiba mmoja, hawako sawa. Wa kwanza amedanganywa, hata kama hakuna aliyekusudia. Wa pili aliijua hatari, akakubali kuishiriki.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotumiwa mara nyingi kana kwamba ni moja. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: ni mlango uliofunguliwa. Ridhaa hutokana na kuridhika: ni moyo kutulia juu ya jambo baada ya kulijua. Dole gumba lenye wino laweza kuthibitisha idhini; ridhaa haionekani katika wino. Tena mtu wa pwani amelelewa asimkatalie mgeni usoni, sembuse daktari aliyemtibu mwanawe jana. "Haya, daktari" yake yaweza kuwa adabu tupu. Na atakayetoa hoja kwamba kimya cha mwanamwali anayeposwa huhesabiwa kuwa idhini, akumbuke kwamba hata huko swali hutangulia, na mwanamwali anajua anaulizwa nini.

Kwa hiyo kazi ya mfasiri wa fomu ya ridhaa ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Akiandika "uchunguzi", mama ataelewa kwamba mwanawe anapimwa ili atibiwe, kwa kuwa hivyo ndivyo neno hilo litumikavyo hospitalini. Akiandika "utafiti" bila ya maelezo, huenda mama asielewe kitu. Akiandika wazi kwamba wataalamu wanatafuta jambo wasilolijua, na kwamba mtoto huyu huenda asipate faida, mama ataelewa, na huenda akakataa. Hofu ya kukataliwa ndiyo inayowafanya wengi waipende lugha ya giza.

Giza hilo lina historia. Zama za ukoloni watu wa pwani walisimuliana habari za mumiani, wanyonya damu waliodaiwa kuitoa damu ya watu ili itengenezwe dawa. Wapo waliowacheka. Lakini ndani ya hofu ile mlikuwa na swali la haki, ambalo kila mtoaji wa sampuli angali na haki ya kulijibiwa: damu hii inakwenda wapi, na nani atakayefaidika nayo?

Yupo atakayesema kwamba maswali huchelewesha dawa, na malaria haisubiri. Hoja hiyo ina uzito. Lakini chanjo ya RTS,S, ya kwanza ya malaria kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwezi Oktoba 2021, ilijaribiwa kuanzia mwaka 2009 kwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika, wakiwamo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Wazazi wao waliombwa, wakakubali. Kuulizwa hakukuizuia chanjo.

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, lilirekebishwa mwezi Oktoba 2024, na watu wanaofanyiwa utafiti sasa wanaitwa humo washiriki. Neno hilo lina deni ndani yake, kwani mwenye kushirikiana na wenziwe hupewa hesabu mwisho wa kazi. Mama aliyeutoa mkono wa mwanawe uchomwe sindano ana haki ya kurejewa na kuelezwa, kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, ni nini kilichopatikana, hata kama kilichopatikana ni kwamba uji ule haukufaa.