Mali ya Wote, Mlinzi Nani?

Nina ndoto ya kuandika riwaya. Lakini hadithi yangu ya kwanza haikuwa riwaya. Ilikuwa daftari la doria la msitu wa kijiji kimoja, si mbali na hapa Mlowo.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na kazi, nilikuwa na mwandiko mzuri tu. Kamati ya msitu ikanipa daftari na hela ya soda. Walinzi walitakiwa kuzunguka mara mbili kwa wiki. Walikuwa hawalipwi, na mahindi na kahawa vinawasubiri shambani, basi hawakwenda. Mimi nikajaza kurasa: tumepita bondeni, mvua imenyesha, hali shwari. Hata mvua niliitunga.

Siku moja babu mmoja akaniambia, "Hebu nisomee, mjukuu wangu." Nikasoma kwa mbwembwe. Akanyamaza, kisha akasema, "Msitu wako mzuri. Wetu una visiki. Huo wako uko wapi, tuhamie?"

Nilicheka. Usiku usingizi haukuja.

Nilijitetea: mimi sijakata hata ufito. Mkaa wanachoma wengine, na mjini sote tunaupikia. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kila hifadhi ya msitu iwe na mpango wa usimamizi. Mpango ni ahadi. Anayejua kama ahadi inatimizwa ni yule aingiaye msituni na kuandika alichokiona. Akidanganya huyo, mwenye shoka hana haja tena ya kujificha.

Watu husema mali ya umma ni shamba la bibi, kila mtu avune. Sikubali. Kule Duru-Haitemba, Babati, katikati ya miaka ya 1990, wanavijiji waliachiwa msitu wa miombo ambao Serikali ilikuwa imepanga kuufanya hifadhi yake. Wakatunga sheria zao, wakaweka walinzi wao, na msitu ukaanza kurudi. Hawakuwa matajiri. Waliona msitu ni wao, basi wakawa na sababu ya kwenda kuutazama.

Je, mwongo wa kalamu ana nafuu kuliko mkata miti? Mimi naona hana. Msomaji wa riwaya anajua kwamba imetungwa. Daftari langu lilisomwa na watu walioniamini.

Nimekwisha kulirudisha. Kabla ya hapo niliingia msituni kwa miguu yangu, nikaandika ukurasa mmoja: visiki 43. Ndio ukurasa pekee wa kweli humo.