Rehema Mbili kwa Siku

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mchezo ni mchezo. Bao lilichezwa barazani baada ya alasiri, aliyefungwa akataniwa, kisha kila mtu akarudi kwake. Hakuna aliyekesha akijiuliza kama amemdhulumu mwenziwe kwa kumla kete. Huku ughaibuni vijana wetu wametuonjesha michezo ya kompyuta ya namna nyingine, inayobuniwa na mtu mmoja au vikundi vidogo nje ya makampuni makubwa. Mingi tumeipenda. Mmoja umetukosesha usingizi.

Unaitwa Papers, Please. Ulibuniwa na Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, ukatolewa mwaka 2013. Hauna mbio za magari wala hazina ya kutafuta. Mchezaji ni karani wa uhamiaji mpakani, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi yenyewe ameipata kwa bahati nasibu. Wasafiri huja dirishani mmoja mmoja. Yeye hukagua pasipoti, jina, tarehe na picha, kisha hugonga muhuri: apite au arudi.

Foleni hiyo sisi tunaijua. Tumeisimamia upande wa pili wa kioo, viganja vikitoka jasho hata pale hati zote zilipokuwa sawa. Tukadhani tunamjua pia yule aliyeketi ndani: mtu mwenye roho ngumu, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Lakini karani wa mchezo huu hana shibe. Hulipwa kwa idadi ya watu aliowashughulikia bila kosa. Jioni hupiga hesabu ya kodi ya nyumba, chakula na joto, kwani nyumbani wanamngoja mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Siku moja anapita mume mwenye hati kamili, naye anaomba mkewe anayemfuata atendewe wema. Mke anafika, hana kibali cha kuingia. Anasihi. Nyuma yake foleni ni ndefu na saa inakwenda. Tulipoushika muhuri sisi wenyewe, mkono ulikwenda kwenye wino mwekundu kama uliokwisha kuzoea. Hatukumchukia yule mama. Tulikuwa na haraka tu.

Je, kumwelewa karani ni kumwondolea lawama? Wapo watakaosema ndiyo: sheria hakuitunga yeye, na njaa ni ya mtoto wake. Sisi hatukubali, na sababu imo ndani ya mchezo wenyewe. Makosa mawili ya kwanza ya kila siku hayakatwi pesa. Karani hupewa onyo tu. Faini huanzia kosa la tatu. Maana yake ni kwamba hata katika dola kali kama ile, kila siku ina nafasi mbili za kumhurumia mtu bila mtoto kulala na njaa. Zetu tulizimaliza kwa uzembe, kwa tarehe tulizozisoma vibaya, na yule mke alipofika hatukuwa na kitu cha kumpa.

Tutaambiwa hakuna mke aliyerudishwa, ni picha tu kwenye kioo. Kweli. Lakini ile haraka ilikuwa yetu, na tunaishi nayo nje ya mchezo. Simu inalia usiku kutoka nyumbani. Binamu anaomba barua ya mwaliko. Sisi tuliokwisha kupata makaratasi tunaanza kukagua: mbona hakusema mapema, mbona maelezo ya leo si yale ya juzi, na ada tuliyomtumia mwaka jana ilikwenda wapi? Kabla hajamaliza kueleza, muhuri umekwisha kugongwa.

Hatuwezi kuwaitikia wote. Nasi tuna kodi na joto la kulipia, na barua ya mwaliko ni dhamana inayoweza kumtia mtu matatani. Hata hivyo, si kila ombi linagharimu hivyo. Mmoja anataka tumsomee fomu asiyoielewa. Mwingine anahitaji kupigiwa simu na kuambiwa wazi kwamba haitawezekana, ili aache kungoja na ashike jambo jingine. Kwa hayo hakuna atakayetukata mshahara.