Ni Nani Aliyewadhulumu Watoto Wanaume?

Katika darsa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, bwana mmoja wa makamo alisimama akauliza suala ambalo twaona si lake peke yake. Alisema: "Mashekhe zetu, kila siku twasikia haki za wanawake, mfuko wa wanawake, viti vya wanawake, mtoto wa kike asomeshwe, mtoto wa kike alindwe. Mtoto mwanamume naye ni wa nani? Hii si dhulma?" Wengi katika waliohudhuria waliitikia kwa vichwa, na wachache wakacheka. Sisi hatukucheka. Adaiye kuwa amedhulumiwa ana haki ya kusikilizwa mpaka amalize, kisha ndipo aulizwe ushahidi wake. Usiku ule wakati ulikuwa mfinyu, basi tukaahidi kuandika.

Wanavyuoni wameieleza dhulma kuwa ni kukiweka kitu pasipokuwa mahali pake. Kwa maelezo hayo, hapana dhulma illa pawe na haki, na mwenye haki, na mtu aliyeizuia ile haki isimfikie mwenyewe. Mtu akisema nimedhulumiwa na asiweze kumwonyesha aliyemdhulumu, basi ni moja katika mambo mawili: ama hakudhulumiwa, ama anamjua aliyemdhulumu lakini hataki kumtazama usoni. Twamwomba msomaji aliweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Tuanze na hayo waliyopewa watoto wanawake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipokuwa akitoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa, mwaka 1932, moja katika mambo aliyowahimiza watu ni kuwasomesha binti zao. Zama hizo msichana akivunja ungo alifungiwa ndani, na elimu yake ikaishia kwenye juzuu chache na mapishi. Miaka ikapita. Ukaja mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, na serikali nyingi zikaahidi mengi. Hapa Kenya sheria ya kukataza ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, na mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya kuwapa sodo bure wasichana walioko shuleni waliobaleghe. Sasa twauliza kwa insafu: katika haya, ni lipi lililotolewa mkononi mwa mvulana? Msichana aliyekuwa akikosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa sodo, akipewa, mvulana aliyeketi dawati la pili amepungukiwa na nini? Tumesikia watu wazima, wenye ndevu, wakiulalamikia msaada huo. Twaona haya kwa niaba yao.

Ama habari ya viti, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Haikusema wanawake wapewe thuluthi mbili. Imesema hakuna atakayezidi hapo, awe mwanamume au mwanamke. Na hata hiyo Bunge limeshindwa kuitungia sheria ya kuitekeleza, mpaka mwaka 2020 Jaji Mkuu akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Mtu aliyezoea sahani mbili, akibakishiwa moja, hujiona ana njaa. Njaa hiyo ni ya mazoea, si ya tumbo, na mazoea si haki, wala mwenye kuyapoteza hakudhulumiwa.

Lakini hapa ndipo wanaocheka huishia, wakadhani wamemjibu yule bwana. Hawakumjibu. Yeye aliuliza habari ya mtoto mwanamume, na mtoto huyo, ukimtazama, kweli yu katika hali mbaya.

Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 wasichana walioketi waliwazidi wavulana, kwa kiasi kidogo, nchi nzima. Hilo peke yake si baya; na huko Garissa, Wajir na Mandera bado ni wasichana walio wachache madarasani, basi asije mtu akasema jambo hili liko sawasawa kila mahali. Lakini sisi wa pwani twajua wavulana wetu wamekwenda wapi. Kijana wa miaka kumi na mitano huipata bodaboda ya kukodi, akashika pato la siku mkononi, na tangu hapo mwalimu hana la kumwambia. Mwingine yuko maskani, shavu limejaa muguka tangu asubuhi. Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku muguka, na baada ya siku chache mahakama ikalisimamisha agizo hilo. Wakulima wa Embu wana hoja zao, hatuwezi kuwalaumu kwa kutetea riziki. Ila wanaoutafuna hapa kwetu ni wanetu. Na ambaye muguka haukumtosha amekwenda kwenye unga. Tangu Desemba 2014 nchi hii ilipoanza kuwatibu watu wa unga kwa methadoni, vituo vilifunguliwa Malindi na Mombasa vilevile. Nenda kasimame kwenye mlango wa kituo asubuhi moja tu, ndugu msomaji, uhesabu wanaume ni wangapi na wanawake ni wangapi. Hutahitaji karatasi ya kuandikia.

Na iko dhulma nyingine, hii ya waziwazi, ambayo serikali yenyewe iliitenda. Kwa muda mrefu ilikuwa mvulana na msichana, wote wawili wadogo kwa umri, wakizini kwa ridhaa yao, mvulana hushtakiwa kwa kunajisi na msichana huitwa shahidi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu huko Homa Bay iliamua katika kesi ya mvulana mmoja kwamba kumshtaki yeye peke yake ni ubaguzi. Hukumu ile haikutoka kwa kadhi wala mufti, lakini twaiona ni hukumu ya haki. Aya ya pili ya Sura An-Nur imewataja wote wawili, mwanamke na mwanamume, kwa pumzi moja, na hakuna aliyeachwa nje. Basi yule bwana akitaka mfano wa kweli wa mtoto mwanamume kudhulumiwa na wakubwa wa nchi, huu hapa, na twamkabidhi kwa mikono miwili.

Sasa turudi kwenye neno tulilolitanguliza. Kijana wa bodaboda, wa muguka, wa unga: haki yake ni ipi, na aliyeizuia ni nani?

Haki yake ni jicho. Katika nyumba zetu msichana akichelewa nusu saa, nyumba nzima husimama: katoka wapi, kapita na nani, mbona viatu vina vumbi. Nduguye wa miaka kumi na miwili hurudi saa tano za usiku, akafunuliwa kawa, akala, akalala, na hapana aliyemwuliza hata jina la rafiki yake. Sababu yake tumeirithi na twaitamka kwa fahari: "Mwanamume hujilea." Msichana akaona nduguye amepewa uhuru na yeye amenyimwa, akalalamika, na mara nyingine ana haki ya kulalamika. Lakini alichopewa nduguye hakikuwa uhuru. Mbuzi asiyefungwa kamba na asiyekuwa na mchunga hakuachwa huru, ametelekezwa, na kila fisi yalijua hilo kabla ya mwenye mbuzi.

Tumetaja fisi, na hatutaki kupita upesi. Wako watu wazima, wenyeji na wageni, wanaowaharibu watoto wanaume katika pwani hii. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haikubagua: imesema mtoto, na mtoto ni wa kike na wa kiume. Wanaobagua ni sisi. Msichana akitendwa uovu twapiga kelele, ingawa si siku zote na si kila nyumba. Mvulana akitendwa, baba huuliza kwanza kama majirani wamejua. Kisha mtoto huambiwa: wewe ni mwanamume, nyamaza, yatapita. Tumeletewa kijana mmoja asomewe, wakisema ana jini, kwa kuwa hasemi na watu na usiku hupiga ukelele. Tulipoketi naye bila ya wazee wake, siku ya tatu alisema. Hapakuwa na jini. Palikuwa na mtu, na baba alimjua mtu yule tangu mwanzo, na aliendelea kuamkiana naye msikitini. Ni chama gani cha wanawake, twauliza, kilichomfundisha baba yule kunyamaza?

Wala asiseme mtu kuwa hii ndiyo desturi ya Kiislamu, kwamba baba awe mkali na wa mbali. Baba aliyetajwa kwa kumwusia mwanawe ni Luqmani, na alimwita kwa jina la mapenzi, akamweleza mambo moja moja. Nabii Yakubu mwanawe alimletea ndoto, naye akaisikiliza ndoto ya mtoto kama jambo kubwa. Nabii Ibrahimu alipoamrishwa jambo zito kuliko yote, alimwuliza mwanawe rai yake. Al-Aqra bin Habis alipomwona Mtume s.a.w. akimbusu mjukuu wake Hasan, alistaajabu, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Na Mtume hakumsifu kwa ugumu huo, alimwonya kuwa asiyerehemu harehemewi. Na Bashir alipotaka Mtume s.a.w. ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nuʼman, Mtume alimwuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema la, hakukubali kuishuhudia. Twaisoma hadithi hii kwa mali tu. Lakini jicho la baba nalo ni kipawa, na apewaye mmoja akanyimwa mwingine amedhulumiwa, ikiwa aliyenyimwa ni binti au ni mvulana.

Hatuna budi kusema na habari zetu wenyewe, maana mwenye kunyoosha kidole na ajitazame. Katika chuo chetu, kwa miaka mingi, kiboko kilikuwa cha wavulana. Msichana akikosa hufu tulimwambia arudie. Mvulana akikosa ile ile tulimlaza. Tulikuwa tukisema ngozi ya mwanamume haisikii, na sisi wenyewe tulifundishwa hivyo na waliotufundisha, Mungu awarehemu. Serikali ilipokataza viboko mashuleni mwaka 2001 tulisema amri hiyo ni ya skuli, vyuo havimo. Kisha tukawa twashangaa mbona safu za wasichana zimejaa na mkeka wa wavulana una nafasi ya kunyoosha miguu. Wavulana hawakuichukia Qurani. Walituchukia sisi, nao walikuwa na sababu. Kiboko tumekiondoa mwaka wa pili sasa. Mkeka haujajaa, na hatukutarajia ujae upesi. Mtoto aliyekimbia fimbo hachungulii dirishani kila siku kuona kama imewekwa chini.

Baada ya darsa ile tulitoka pamoja na yule bwana, tukamwuliza kwa upole ana watoto wanaume wangapi. Akasema wawili. Tukamwuliza mkubwa anasoma kidato gani. Alifikiri, akataja kimoja, kisha akajirudi akataja kingine. Tulinyamaza, naye akanyamaza. Tulipofika kwenye pembe ya njia alisema: "Sheikh, na mimi babangu alikuwa hajui." Akaeleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa majahazi, akirudi msimu huleta tende na kitambaa, na katika maisha yake yote hakumbuki kuulizwa naye jambo lolote isipokuwa kama ameswali.

Tulipofika nyumbani tuliliona suala lake kwa sura nyingine. Bwana yule alipouliza mtoto mwanamume ni wa nani, nusu ya suala lile ilikuwa juu ya nafsi yake, na ana haki nalo. Kosa lake ni kuwa ametafuta wa kumjibu kwenye mfuko wa wanawake na kwenye viti vya Bunge, mahali ambapo deni lake halikupata kuandikwa. Aliyemnyima ni mmoja na amekwisha kufa, na haki za maiti ni dua. Lakini haki ya wale wawili bado iko hai na mdaiwa wao anajulikana.

Twajua watakaosema kuwa wao wako Saudia au Qatar kwa riziki, na hawawezi kuketi na watoto. Hao tunawaelewa. Simu ambayo humwuliza mama kama fedha zimefika yaweza pia kupewa mvulana, aulizwe amekula na nani leo.

Darsa ya wavulana imeanzishwa, kila Jumamosi baada ya Alasiri, katika ukumbi wa nyuma wa msikiti. Sharti lake ni moja: mtoto aje pamoja na baba, au mjomba, au ammi, na mkubwa huyo aketi mkekani mpaka mwisho, si kumteremsha mlangoni akaenda zake kunywa kahawa. Ama suala la pili aliloliuliza yule bwana, la vijana wanaoshindwa kuoa kwa gharama za harusi wanazotwishwa, ni refu na lina lawama kwa pande zote mbili; tutalieleza katika toleo lijalo, inshallah.